Shoka, Panga na Kinoo

Hapo zamani, kabla asali haijatiwa kwenye chupa, palikuwa na mrina asali mmoja wa misitu ya miyombo, Mzee Kapela. Mcheshi, mkarimu, na mlafi. Naam, mlafi, tusimfichie. Alikuwa na watoto watatu, na aliwapenda wote hadi akaona haya kusema.

Desturi ya warina ilikuwa hii: ukienda kupiga kambi porini, chagua chombo kimoja tu cha kukatia, maana mgongo ni wa kubebea asali. Shija, mkubwa, akachagua shoka. Milembe akachagua panga. Masele, kitinda mimba, akaja na kinoo.

"Kinoo!" Milembe akacheka akishika mbavu. "Mdogo wangu, utakata nini kwa jiwe?"

"Nitanoa ulimi wako, dada, ingawa hauna haja."

Baba yao akacheka, ila moyoni akaumia. Huyu nimemlea vipi jamani?

Huko kambini, Shija akawa anaangusha mti wenye asali tunduni. "Baba, ondoka!" akapiga kelele. Wapi! Mzee alikuwa anamalizia kulamba sega. Mti ukamlalia mguu, mfupa ukavunjika.

Shija akalikata lile gogo, akakata, mpaka shoka likawa butu na baba bado amenaswa. Milembe akainua panga akate fito za machela. Wee! Halikati hata ukoka, maana tangu asubuhi alikuwa akilichimbia viazi pori. Mzee akaanza kutetemeka. Kumbe nitafia hapa, mbele ya wanangu, akawaza, na machozi yakamtoka.

Masele akapiga magoti, akanoa shoka. Shija akalimaliza gogo. Masele akanoa panga. Milembe akakata fito, akabandua magome, akafunga machela. Wakambeba kwa kupokezana mpaka nyumbani.

Mzee akapona, ila mguu ukagoma. Porini tena basi. Ikabidi arithishe mti wake wa mizinga, ule aliotundikia mizinga ya nyuki, na mti wa mizinga haugawanywi: mmoja anakuwa mrina, waliobaki wanakuwa wapagazi wake.

"Mimi ndiye niliyemtoa baba chini ya gogo," akasema Shija.

"Na nani alimwangushia?" akauliza Milembe. "Mimi ndiye niliyemtengenezea machela. Bila machela angeozea kule."

"Kwa panga uliloligeuza jembe!"

"Bila kinoo changu," akasema Masele, "mngekuwa mmeshika vyuma tu."

"Na bila vyuma vyetu ungenoa nini, mvunja desturi wee?" wakamjibu kwa pamoja.

Mzee Kapela akamtazama Shija, akaona ni huyu. Akamtazama Milembe, akaona ni huyu. Akamtazama Masele, akaona ni huyu pia. "Wanangu, nawapenda," akasema, kwa mara ya kwanza maishani. "Lakini mti ni mmoja."

Haya, ninyi mnaojidai hodari wa kuamua, na asiniambie mtu eti wagawane: je, nani alistahili mti wa mizinga?