Nyumba ya Chumvi

Mtu mmoja alikuwa na wana wanne na meko mawili ya kuchemshia chumvi. Jina lake Gwasa. Alipika chumvi ya mabonge, ngumu kama jiwe, na akatamani nyumba yake iwe hivyo hivyo.

Wana wawili walikuwa wa kutoa, mikono yao wazi tangu utotoni. Wawili walikuwa wa kuchukua, na tuseme ukweli, hawakushiba. Gwasa akaona amepata dawa. Kwenye kila jiko akaweka mtoaji na mchukuaji. Bukuru, mkubwa wao, akapasua kuni na kumpakulia mdogo wake Gahungu, mchukuaji. Kule kwingine ikawa vivyo hivyo. Mmoja ana ziada, mwenzake ana pengo, wataachana wapi? Na kweli walishikana, hata wake zao hawakupata pa kupenya. Gwasa akavimba kichwa. Akawa anamcheka jirani yake, mhunzi Ntahondi, ambaye watoto wake walitupa katikati kila walichopata, na ukiuliza jembe hili la nani, walibaki kutazamana. Nyumba laini, alisema Gwasa, mali haina mwenyewe.

Masika yale mto ulifurika, ukabomoa lile jiko la pili. Gwasa akamhamishia Bukuru huko, akasaidiane na mtoaji mwenzake kujenga upya. Yule mchukuaji wa huko akaja kukaa na Gahungu. Nafasi moja tu aliwasogeza.

Wachukuaji wakakaa wakitazamana, kila mmoja akingoja kupakuliwa, mpaka moto ukazimika. Watoaji nao, kila mmoja alinyoosha mkono na hakuna wa kupokea, wakaanza kununiana kama waliotukanwa. Maji hayajapungua, wote wanne wamefunga mizigo. Gwasa akamshika Bukuru mlangoni, akamlilia kama mtoto.

"Baba," Bukuru akasema, "hukutufanya ndugu. Ulitufanya mtoaji na mchukuaji tu."

Akaenda zake. Mafuriko hayo hayo yalikuwa yameondoa paa la Ntahondi. Watoto wake walisukumwa huku na huko, wakalala walipoangukia, na asubuhi nyundo ililia tena. Gwasa aliisikia akiwa peke yake mbele ya majivu, na kila pigo lilimchoma.

Chembe za chumvi huishi kama wana wa Gwasa. Moja imetoa elektroni, jirani yake ameipokea, na hicho ndicho kinachozikamatanisha. Ligonge bonge: safu inasogea kidogo, zilizotoa zinakutana na zilizotoa, zilizopokea na zilizopokea, zinasukumana, na bonge linapasuka. Chembe za chuma zimeachia elektroni zao zizunguke katikati, za wote. Ndiyo maana mhunzi hukipiga kikapinda, kikatulia katika umbo jipya, na joto la ncha hii likafika ncha ile.

Nasikia nyumba yako ni ngumu. Siku itakaposogezwa nafasi moja tu, nani atatazamana na nani?