Miiba ya Mwinjuma

Mtu akichomwa na mwiba njiani, kila apitaye humpa pole. Lakini aliyeuokota mwiba kwa mkono wake akajidunga, huyo auchomoe mwenyewe, tena kimyakimya. Mwinjuma wa kijiji cha Marui aliisikia methali ya namna hiyo tangu utotoni. Ilimwingia sikio moja ikatokea la pili.

Zilikuwa zama za Mwingereza, na nguruwe mwitu walikuwa wakimmalizia mihogo. Siku moja alikwenda Kisarawe, akaona nyumba ya Mzungu imezungukwa na kichaka cha miiba chenye maua mekundu na ya manjano. Hata kuku asingepenya. Akaomba vijiti vichache, akavipanda kuzunguka shamba lake.

Shamba hilo lilipakana na la dada yake, Mwanamkuu. Yote mawili waliachiwa na mama yao.

"Mdogo wangu," Mwanamkuu alimwambia, "mbuzi wangu ameunusa mti wako akageuza shingo. Wadudu nao siwaoni juu yake. Mhogo wetu una maadui tangu enzi za mababu. Huyu mgeni wako maadui zake amewaacha kwao. Nani atamzuia hapa?"

"Ndiyo uzuri wake, dada. Uzio unaoliwa na mbuzi ni uzio gani?"

Mwaka wa kwanza aliumwagilia maji kama anayeuguza mgonjwa. Uliposhika, nguruwe walikoma, na Mwinjuma akatamba kijiji kizima. Kisha vitunda vyake vikaiva vyeusi. Ndege wakavila, wakaenda kutua kwenye mikorosho ya Mwanamkuu, na chini ya kila mkorosho ukachipua mche ambao hakuna aliyeupanda.

Mwinjuma akaona atengeneze mambo. Aliikata miche ile na, kama desturi ya Marui, akayarundika matawi yake mpakani yawe boma la kuzuia nguruwe. Masika yakaja. Kila tawi lililogusa udongo likatoa mizizi. Kiangazi akachoma moto, kama wote wachomavyo kabla ya kupanda. Nyasi ziliungua, na mihogo ya dada yake ikaungua. Miiba ikachipua kutoka visikini kabla ya kitu kingine chochote, sasa ikiwa peke yake kwenye jua.

Miche dhaifu ilikufa kwa moto na kwa ukame. Iliyobaki ndiyo iliyozaa. Basi baada ya miaka michache watoto wa miti hiyo hawakufanana na mama yao wa Kisarawe. Walikuwa na miiba mirefu zaidi, na maji ya kumwagiliwa hawakuyataka. Watu wakauita mti ule miiba ya Mwinjuma.

Mwanamkuu alikosa hata pa kuchomeka mti wa mhogo. "Masika yakinikuta hivi," alisema, "nahamia Kibaha kwa mwanangu. Shamba la mama nakuachia wewe na miiba yako."

Mwinjuma aliona aibu, na zaidi ya aibu alihuzunika. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kesho yake alichukua jembe na shoka, akaanza kung'oa miiba katika mashamba yote mawili.

Safari hii hakukata wala hakuchoma. Alichimba kila kisiki mpaka mzizi wa mwisho, akaianika miti juu ya mwamba isipate udongo. Penye maua aliwahi kabla hayajawa vitunda. Alipomaliza upande mmoja alirudi alikoanzia, kwani machipukizi hayakumngoja.

Huko Marui, anayempita mtu akilima humwambia "pole na kazi", hata kama wamegombana. Mwinjuma hakuipata. Watu walimwamkia wakapita. Jirani yake Abdala alisimama kidogo akauliza, "Hujambo, Mwinjuma? Na miiba yako haijambo?"

"Haijambo," alijibu Mwinjuma bila kuinuka. "Lakini haitakaa."

Mikono ilichanika, ikapona, ikachanika tena. Hakuacha.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alimwona Mwanamkuu anakuja na mzigo kichwani. Alidhani ni nguo za safari ya Kibaha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mwanamkuu alitazama ardhi nyekundu iliyo wazi mpaka mpakani. Kisha akaitazama mikono ya ndugu yake. Mwinjuma alilisubiri lile neno moja.

Dada yake akautua mzigo na kuufungua. Vilikuwa vipande vya miti ya mhogo, tayari kupandwa.

"Hongera nakupa," alisema, akichimba shimo la kwanza. "Na kesho tutapita tena tuangalie machipukizi, mimi na wewe. Lakini lile unalolingoja usilingoje, mdogo wangu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."