Hodi Tatu za Bi Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Hizo ni sauti zenu au za mende? Wali wote ule mmekula, halafu mnaitikia kama wagonjwa. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, kale hasa, kabla bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize. Kijijini humo alikuwako mama mmoja mtu mzima, Bi Siwatu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kufundisha vijana jambo lipi lifanywe na lipi lisifanywe. Hakulima. Hakusuka mikeka. Alifundisha hilo miaka thelathini, katika banda la kuanikia mahindi, na watu wakampelekea unga.

Kijana akikaribia kumaliza mafunzo, alipewa swali moja akalitafutie jibu, nyumba kwa nyumba. Na sheria ya Bi Siwatu ilikuwa hii. Fika mlangoni. Piga hodi mara tatu. Ukikaribishwa, ingia, uliza. Usipoitikiwa, geuka, rudi. Hata kama unamwona mwenye nyumba anakuchungulia.

"Hata kama anatafuna, Bibi?" vijana wakamuuliza.

"Hata kama anatafuna."

Na kijana akirudi na jibu, Bi Siwatu alimuuliza neno moja: "Umemuuliza nani?" Aliyesema, "Nimewaza mwenyewe, Bibi," alirudishwa njiani palepale, maji hajanywa.

Sasa sikilizeni. Jumbe Mwinchande, mkuu wa kijiji, akataka kichimbwe kisima. Lo! Kila mtu akakitaka mlangoni kwake. Wakagombana, wakashikana makoo. Jumbe akachoka. "Bi Siwatu," akasema, "haki unaijua wewe. Chagua mahali."

Bi Siwatu akapima kwa miguu yake kutoka kila mlango. Tapu, tapu, tapu. Siku tatu. Akapata katikati barabara, mahali ambapo hapana nyumba iliyopendelewa hata kwa hatua moja. Akachomeka kijiti. Watu wakapiga vigelegele, haki imepatikana.

Kijiti kilikuwa kando ya zizi la ng'ombe.

Kisima kikachimbwa. Ndoo ikashuka, chubwi! Ikapanda imejaa. Mvua za masika zikaja, na watoto wakaanza kuumwa matumbo. Mmoja, wawili, watano. Bi Mize alikuwa na mtoto mmoja tu, Feruzi, wa miaka minne, ambaye hakuweza kumwona kuku asimfukuze. Feruzi akaumwa siku sita. Siku ya saba wakamzika.

Hapo nyamazeni kidogo.

Watu wakasema ni upepo. Mwaka huo aliyekuwa akimaliza mafunzo ni binti mmoja, Mashavu. Bi Siwatu akamwambia, "Swali lako hili: watoto wanaumwa kwa nini? Nenda."

Mashavu akaenda na kamba mbili. Hodi, hodi, hodi. Kamba moja ya nyumba zinazokunywa kisimani. Kamba ya pili ya nyumba za bondeni, ambazo bado zilichota mtoni. Wao hatua zao za kwenda kisimani zilikuwa sawa na za wengine, ila zilikuwa za kupanda kilima, na watu wale walikuwa wavivu. Penye mtoto mgonjwa, Mashavu akapiga fundo. Alipomaliza nyumba zote arobaini, kamba ya mto ilikuwa na fundo moja, na mtoto huyo alikuwa amekula mapera mabichi, alikiri mwenyewe. Kamba ya kisima ilikuwa na mafundo kumi na tisa.

Akapita kwa mchungaji, Mzee Kibwana, aliyeishi na ng'ombe wale tangu ujana wake.

"Shikamoo, babu. Mvua ikinyesha, uchafu wa zizi huenda wapi?"

"Marahaba. Huenda pale penye kisima."

"Ulijua?"

"Tangu sijaota ndevu."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa." Akaendelea kukamua.

Mashavu akazikunja kamba zake, akazificha chini ya kitanda. Siku ya kwanza akanyamaza. Ya pili akanyamaza. Ya tatu akanyamaza. Siku ya nne hakuweza kula. Akaenda bandani, akaziweka kamba mbele ya mwalimu wake.

"Ni kisima, Bibi."

Bi Siwatu akayapapasa mafundo, moja moja. "Umejua lini?"

"Leo siku ya nne."

"Na siku nne hizi watoto wamekunywa nini?"

Mashavu akaangua kilio. "Niliogopa, Bibi! Nitakuaibishaje wewe uliyenifunza?" Kisha akafuta kamasi, akasema, "Nisamehe. Nina swali."

"Uliza."

"Siku ile ya kijiti. Ulimuuliza nani?"

Bi Siwatu akaishika tena kamba ya kisima. Kuku akaingia bandani, akadonoa punje mbili, akatoka.

"Sikumuuliza mtu," akasema. "Niliwaza mwenyewe." Akainuka. "Twende tukakifunike. Kulia tutalia baadaye."

Wakakifunika kwa magogo. Jumbe Mwinchande akaja mbio, kilemba kimelegea, akamvuta Bi Siwatu pembeni.

"Miaka thelathini, Bi Siwatu! Unataka kujivua nguo mbele za watu? Tuseme ni upepo wa kusini."

"Upepo umeulizwa?"

"Basi tuseme huyu binti amekosea kuhesabu."

"Huyu binti amehitimu leo."

Akasimama mbele ya kijiji kizima. "Mahali hapa nilipachagua mimi," akasema. "Nilipima hatua, sikumuuliza mchungaji. Binti huyu ameuliza. Kosa ni langu." Akakaa. Watu wakangoja aendelee, maana walimzoea kwa maneno marefu. Hakuendelea.

Kesho yake akaanza kuzunguka nyumba kuomba radhi. Nyumba thelathini na tisa zikamkaribisha. Wengine walimsamehe. Wengine walimtukana kisha wakamsamehe. Mmoja alimtukana tu, halafu akampa muhogo. Nyumba ya arobaini ilikuwa ya Bi Mize, mama yake Feruzi.

Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Na moshi unatoka jikoni. Bi Siwatu akageuka, akarudi.

Wanafunzi wakamwambia, "Bibi, yumo ndani yule. Sukuma mlango."

"Sheria ya hodi ni ya nani?"

"Yako, Bibi."

"Basi."

Kesho yake akaenda. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Akageuka, akarudi. Kesho kutwa vilevile. Mvua ikanyesha, akaenda. Jua likawaka, akaenda. Watu wakavuna, wakapanda tena, wakavuna tena. Kila asubuhi, hodi tatu. Ikawa majirani wanabandika vyungu vya uji kwa kuzifuata.

Siku moja hodi haikusikika. Majirani wakachelewa uji.

Bi Siwatu alikuwa kitandani, kifua kimembana, sauti imekauka. Mashavu, ambaye sasa ndiye aliyefundisha bandani, alikuwa anamnywesha maji ya mto. Huku nyumbani kwake, Bi Mize akafagia ua. Akangoja. Akafagia tena ua uleule. Jua likapanda. Bi Mize akaweka ufagio chini, akajitanda kaniki, akatoka.

Hodi!

Bi Siwatu akaijua sauti. Akafungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Mashavu akataka kuitikia, akashikwa mkono.

Hodi!

Kinywa kikafunguka tena. Hewa tu. Na ninyi mnaijua sheria. Mara tatu, basi, mtu anageuka anarudi.

Hodi!

"Karibu," akasema Bi Siwatu, kwa sauti ya mtu anayeinua gunia.

Bi Mize akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema, "Alipenda kufukuza kuku."

"Niambie," akasema Bi Siwatu.

Akaambiwa. Kuku mmoja mmoja, mpaka jua likatua.

Basi, wenzangu, ukitaka kumtendea mtu haki, kamuulize kwanza. Na ukimkosea, nenda mlangoni kwake, piga hodi, usisukume. Hadithi yangu ilikuwa nje, imekaribishwa ndani, na huko ndiko ninakoiacha.