Rejeta Iliyovishwa Khanga

"Khanga ya sifa huziba rejeta." Hivyo ndivyo Mama Nasoro alivyowaambia leo kwenye kikao chenu cha sherehe, mkacheka, halafu mkaja kuniuliza mimi maana yake. Najua ni yeye aliyewatuma. Kila akiisema methali hiyo huwaelekeza watu hapa gereji kwangu, nami sina pa kukimbilia, kwa sababu rejeta yenyewe niliifunga kwa mikono hii. Haya, kaeni. Wewe unayechezea spana, irudishe ilipokuwa. Chanzo chake ni hiki, na nitawaeleza bila kujipendelea.

Na kabla hamjaanza, msiniambie kwamba ni sawa na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema aliharibu tembo lake mwenyewe. Mimi sikuharibu kitu. Kazi yangu ilikuwa nzuri, na ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Zamani hizo kijiji chetu kilikuwa na gari moja tu, jipu kuukuu lililoachwa na wenye shamba la mkonge. Ndilo lililobeba wagonjwa. Hospitali ilikuwa ileile mnayoijua, kule juu mlimani, na barabara ilikuwa ileile ya kona kumi na tisa. Tambarare jipu lilikwenda vizuri, lakini likianza kupanda tu, mshale wa joto ulipanda nalo. Kufika kona ya tisa lilikuwa linachemsha, mvuke unatoka kwenye boneti, na ikabidi lisimame saa nzima lipoe. Mzee Kaoneka alifia pale pale kona ya tisa, mwanawe amempakata, wakisubiri injini ipoe. Tulipotoka kumzika, mwenyekiti alinifuata akaniambia nitafute dawa ya gari lile, au tulichome moto tujue hatuna gari.

Nikaenda mjini, nikarudi na rejeta ya lori lililopinduka. Ya jipu ilikuwa na safu mbili za mirija ya maji, hii ilikuwa na nne, na upana wake ulizidi mlango wa jiko la mama yangu. Bila shaka haikuingia. Rejeta ya gari moja haiingii kwenye gari jingine kwa kuibembeleza. Nilikata vyuma vya mbele nikachomelea vingine, nikaweka vipande vya tairi chini yake ili mtikisiko usiipasue. Bomba lake la juu lilikuwa nene kuliko mpira wa injini, nikahangaika siku mbili kupata mpira wa kuviunganisha. Kati ya feni na rejeta niliacha nafasi ya vidole viwili. Mwisho nikaupanua wavu wa mbele, ile pua ya gari, upepo uingie kwa wingi.

Sikilizeni hapo kwenye upepo. Maji ya rejeta kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye injini. Anayeliondoa ni upepo. Feni inauvuta kutoka mbele, unapita katikati ya mirija, na joto linaondoka nao. Ukiuzuia upepo, hata ukiwa na rejeta ya safu kumi, umebeba sufuria ya maji ya moto. Mimi nililijua hilo kabla hata sijaota ndevu.

Tulilijaribu. Dereva wetu, Sechonge, mtu mkimya kuliko jiwe, alipakia mifuko sita ya mchanga tukapanda hadi kona ya kumi na tisa bila kusimama. Mshale haukuvuka nusu. Tuliporudi, kijiji kizima kilikuwa barabarani. Watu walinibeba juujuu, mimi Semkiwa, ambaye wiki moja nyuma walikuwa wakiniita mzee wa kuchafua nguo. Kusema kweli, nililewa bila kunywa.

Sasa, mnaijua desturi yetu ya kuvisha. Siku hizi mnaifanya nusu nusu, lakini wakati ule ilikuwa na heshima yake. Kitu kipya kitakachobeba watu, kiwe kitanda cha bibi harusi au machela, kinamama walikivisha khanga. Aliyefunga fundo ndiye aliyelifungua, baada ya siku saba. Mtu mwingine akilifungua, hasa mwanamume, ni kama amemwambia yule mama kwamba shukrani yake ni takataka. Basi jioni hiyo kinamama walikuja wakiimba, mbele yao Bi. Saumu, mkuu wa kinamama wote wa hapa. Alileta doti nzima ya khanga ambayo haijakatwa, nyekundu, imeandikwa "Mwenye sifa yake mpeni". Akaikunja mara mbili, akaitandaza kwenye pua ya gari, pale pale nilipoupanua wavu, akaifunga kwa mafundo manne yaliyokaza. Wakapiga vigelegele.

Niliona. Msije mkadhani sikuona. Sechonge alinisogelea akaniuliza kwa kunong'ona kama nguo ile haitaziba upepo. Na mimi, mbele ya watu wote wale wanaonitazama, nikamjibu kwa sauti ili wasikie:

"Hii ni rejeta ya lori, bwana. Hata ukiivika blanketi."

Watu walicheka. Sechonge hakucheka, lakini naye hakusema tena. Nani angemwambia Bi. Saumu afungue?

Siku mbili gari lilizunguka tambarare na khanga yake, na halikuchemsha. Siku ya tatu, asubuhi, binti yake Bi. Saumu alikwenda kuokota kuni kwenye mkonge. Aliitwa Mwajabu, alikuwa na miaka kumi na sita, tena wa pekee kwa mama yake. Alimkanyaga bafe, yule nyoka mfupi mnene asiyemkimbia mtu, akamuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu. Walipomleta barabarani mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti na ngozi imeanza kuwa nyeusi. Mganga wa zahanati alisema dawa ya sumu ile iko hospitali ya mlimani tu, na kila dakika ina kazi yake. Tulimlaza nyuma, Bi. Saumu akampakata kichwa, mimi nikakaa mbele na Sechonge. Nilipanda kwa kiburi, niwaambie ukweli. Nilijisemea leo wataona rejeta yangu inafanya nini.

Kona ya nne mshale ulivuka nusu. Sechonge aliutazama, akanitazama. Kona ya sita ulifika kwenye wekundu, mvuke ukatoka. Alisimama akazima injini. Nikaruka chini nikafungua boneti. Mkanda wa feni ulikuwa mzima, mipira haivuji, feni iko sawa. Nilisubiri kidogo, nikafungua kifuniko kwa tambara, nikaongeza maji. Nyuma nilimsikia Mwajabu akilia kwa sauti ya chini, na mama yake akimwambia tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia.

Tukaondoka. Kona ya nane likachemsha tena. Sechonge akazima, nikashuka. Safari hii sikuwa na cha kukagua, nikazunguka nikaja mbele. Khanga ilikuwa inaning'inia pale imetulia, na maandishi yake yananitazama. Moyo wangu uliniambia ni hiyo. Wajukuu zangu, mkono wangu ulifika kwenye fundo la kwanza. Nilikumbuka blanketi. Nilikumbuka vicheko. Nilifikiria kumwambia Bi. Saumu, mwanawe akiwa katika hali ile, kwamba khanga aliyoifunga kwa mapenzi ndiyo inayotukwamisha, na kwamba nilijua. Nikauondoa mkono. Nikajidanganya kwamba nguo iliyotulia namna ile haiwezi kuzuia kitu, nikamwambia Sechonge tusubiri injini ipoe vizuri. Tulisubiri karibu nusu saa.

Hiyo nusu saa ni yangu. Si ya bafe, wala si ya Bi. Saumu.

Kona ya tisa, pale alipofia Mzee Kaoneka, gari lilichemsha kuliko mara zote. Sechonge alisimama lakini akakataa kuzima injini, kwa sababu betri ilikuwa imechoka na tungezima tusingeliwasha tena mlimani. Mwajabu alikuwa ameacha kulia. Kule kunyamaza kulinitisha kuliko kilio. Bi. Saumu alishuka kutafuta maji ya kumlowanishia midomo, kwa kuwa yetu yote nilikuwa nimeyamimina kwenye rejeta. Alipopita mbele ya gari akasimama.

"Semkiwa, njoo uone. Mbona nguo inavutwa ndani?"

Nilikwenda. Injini ilikuwa inanguruma, feni inavuta, na khanga ilikuwa imenyonywa ikagandamana na wavu mpaka vyuma vyake vinahesabika. Mara mbili zile injini ilikuwa imezimwa, ndiyo maana ilining'inia kwa unyenyekevu. Sasa hapakuwa na pa kujificha.

"Inaziba upepo, mama," nikasema. "Rejeta haipumui."

Aliitazama khanga yake, kisha akanigeukia.

"Umejua sasa hivi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, labda Sechonge, na Sechonge hasemi.

"Nilijua tangu siku uliyoifunga."

"Na ukanyamaza?"

"Nilisifiwa, mama. Niliona raha."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliinama kwenye mafundo, akavuta, mafundo yakagoma kwa jinsi alivyoyakaza. Nilisimama pembeni na kisu mfukoni, nikiogopa bado, hata pale, kugusa fundo la mwanamke.

"Kata!" akaniambia. "Unangoja nini? Kata, mwanangu anakufa!"

Nikakata mafundo yote manne. Khanga ilianguka chini, na nikausikia upepo ukiingia kwenye rejeta, sauti kama ya mtu aliyekuwa amezibwa mdomo. Tulisimama pale tukiutazama mshale. Haukupita muda ukaanza kushuka, ukashuka, ukarudi nusu. Bi. Saumu aliiokota ile nguo kwenye vumbi, akaikunja, na akiwa anapanda garini akasema maneno yale, si kwa hasira, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Kumbe khanga ya sifa huziba rejeta."

Kona kumi zilizobaki tulizipanda bila kusimama hata mara moja. Rejeta ilikuwa nzuri, niliwaambia. Ile safari ilithibitisha uzuri wake, na sikuona raha hata chembe.

Hospitali walimchoma dawa ile, na Mwajabu aliishi. Lakini nyama ya mguu ilikuwa imeoza, na baada ya siku nne waliukata chini ya goti. Nilimuuliza daktari kama tungefika nusu saa mapema ingekuwaje. Alinijibu hawezi kujua. Yeye hawezi. Mimi nimekuwa nikiijua hesabu hiyo kwa miaka thelathini na minane.

Nilikwenda kwa Bi. Saumu kuomba radhi mbele ya watu, nikaeleza yote, hadi ule mkono uliofika kwenye fundo nikauondoa. Alinisamehe. Alisema na yeye alikaza mafundo bila kuuliza. Tangu siku hiyo watu wa hapa, wakitaka kuvisha kitu, kwanza humuuliza aliyekitengeneza pa kufunga, naye ni lazima aseme ukweli hata kama vigelegele vimeanza.

Mwajabu aliolewa, akazaa. Mtoto wake wa kwanza alimwita Nasoro.

Naam. Ni yeye, huyo huyo aliyewaambia methali leo. Mmekua mkimuona na gongo lake na gauni refu, mkadhani ni uzee. Hakuwaambia kwa sababu anawachukia. Amewatazama mnavyosifiwa wiki nzima kwa hilo tangi la maji mlilolijengea shule, amesikia mgeni rasmi anakuja kesho na watoto watapangwa chini yake waimbe, akaona mtu mmoja kati yenu hacheki wenzake wanapocheka. Ana macho ya kuona hayo. Alijifunza kwa bei kubwa.

Basi niambieni, na msinitazame mimi, tazamaneni. Kuna mtu anajua kitu kuhusu lile tangi ambacho hajakisema?

Nami ninao muda, gari la leo nimeshalimaliza.

Sema, Shauri. Usiangalie miguu yangu, sema.

"Babu, kuna ufa. Upande wa chini, kule nyuma. Ulitokea juzi tulipojaza maji. Tuliupaka chokaa, tukasema tutauziba baada ya sherehe."

Chini yake ndipo watoto watakaposimama?

"Ndiyo, babu."

Haya, inukeni. Wewe chukua ile nyundo, na wewe lete tochi hiyo. Wawili kimbieni mkafungue maji yamwagike yote, sasa hivi, na wewe Shauri utakwenda kwa mwalimu mkuu umwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba sherehe ya kesho haipo. Watakuzomea. Wacha wakuzomee, utazoea. Ukirudi pitia kwa Mama Nasoro umwambie umeielewa, naye hatakuuliza umeelewa nini, kwa sababu atakuwa anayasikia maji yakimwagika: khanga ya sifa huziba rejeta.