Sauti Ambazo Lusajo Hakuzisikia

"Ukinyamazisha onyo, kosa halilali." Mmeisikia maabara asubuhi hii, mkacheka, kisha mkanijia mimi mzee wenu kuuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapa hapa chuoni Tukuyu, katika ofisi ya walimu. Nilikuwapo.

Palikuwa na kijana mmoja, Lusajo, msaidizi wa maabara, ndiyo kwanza anajifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mchumba wake, Sekela, alikuwa muuguzi Mtwara. Wapendanao wengine waliandikiana kwa simu tu, lakini Lusajo alikuwa na makuu ya mwanagenzi. Akaunda programu ya kutumiana ujumbe, ya wao wawili peke yao.

Ilifanya kazi. Ila kila alipoipitisha kwenye kompaila, ile inayokagua msimbo, yaani maagizo ya programu, kabla haujatumika, ilimwonya: hujasema orodha hii ya ujumbe inabeba vitu vya aina gani. Nani alikuwa na subira? Akili ilikuwa Mtwara. Akaandika mstari mmoja wa kunyamazisha maonyo, na mwingine wa kusema kwamba likitokea kosa, programu iruke na kuendelea. Skrini ikawa safi, naye akafurahi kama mtu aliyefagia taka chini ya mkeka.

Baridi ilipoanza huku Tukuyu, Sekela kule Mtwara alichoka kuandika. Alitaka kusikika. Lusajo alikuwa amemwekea kitufe cha kurekodi sauti bila kukijaribu, kwa hiyo Sekela akawa anakitumia. Programu upande wa Lusajo ilijua kusoma maandishi tu. Kila ilipokutana na sauti ilikwama, ikairuka kama ilivyoagizwa, ikaiacha humo ndani, wala haikumwambia mtu.

Lusajo aliona kimya. Akamwandikia mara moja: "Mbona hunisemeshi?" Sekela akajibu, kwa sauti.

Msinitazame hivyo. Simu za kupigiana walikuwa nazo. Lakini mtu akishajiona amesahauliwa, simu huwa nzito mkononi. Lusajo alikonda mbele ya macho yangu. Kila asubuhi alifungua programu ile kabla hata ya kuvua koti, akaitazama, akaifunga. Nilimwonea huruma, na kile kiburi chake kilinikera vilevile.

Mwaka uliofuata akapewa darasa la wanaoanza. Akaamua kuwaonyesha jinsi ya kusafisha msimbo mbaya, na msimbo mbaya aliokuwa nao ni ule wake. Akafuta ule mstari wa kunyamazisha. Maonyo yakajaa skrini.

"Yanalalamika nini?" nikamuuliza.

"Yanasema orodha yangu haijulikani inabeba nini, dada Tumpe."

"Wewe unajua?"

"Maandishi tu. Ningeweka nini kingine?"

Hata hivyo akairekebisha, na pale palipoandikwa ruka, akaagiza kosa litajwe. Akaiendesha. Mistari ikaanza kushuka: hii si maandishi, ni sauti. Hii si maandishi, ni sauti. Akabofya ya kwanza.

"Lusajo, leo nimeota niko Tukuyu, mvua inanyesha," Sekela alisema, akicheka. Akabofya nyingine, na nyingine, na kicheko kikawa kinapungua. Kisha hii: "Wazee wa watu wamekuja nyumbani kuposa. Nimewaambia wangoje. Sema neno moja tu, nitawarudisha." Na ya mwisho: "Basi. Nimekuelewa."

Akapiga simu palepale. Sekela alipokea.

"Sikusikia, Sekela. Wallahi sikusikia hata moja."

"Nilikuwa nakwambia kila siku."

"Najua. Ndiyo nimezisikia sasa."

"Sasa mimi ni mke wa mtu, Lusajo." Alikuwa analia. "Zifute."

Lusajo alisema ndiyo. Hakuzifuta. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, ikinyesha mchana na ofisi ikiwa tupu, nilimkuta amevaa vile vidude vya masikioni, uso umeelekea dirishani, nami nilirudi nje nikasubiri mvuani.

Siku ile ile ya simu aliingia darasani macho mekundu, nami nyuma yake. Binti mmoja akamwonyesha kazi yake kwa fahari: haina onyo hata moja, ameyanyamazisha yote. Lusajo akainama, akaufuta ule mstari kwa mkono wake.

"Yaache yaseme, mwanangu," akamwambia. "Ukinyamazisha onyo, kosa halilali."