Mazoezi Yaliyopigiwa Makofi

Waumini wa viti vya nyuma, sogeeni mbele, nafasi ipo. Leo sitaki mtu aje aniambie hakusikia. Tena sina maneno matamu leo, maana nimechoka, na mkinisikiliza mtajua nimechoshwa na nini.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, mwanamke, aliyefundisha darasa la kwanza katika shule iliyojengwa pabaya. Nasema pabaya kwa sababu mbele ya shule kulikuwa na kiwanja cha mpira, na ukivuka kiwanja tu umefika korongoni. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima, na juu ya kilima, tangi la maji la kijiji. Korongo lile lilikuwa kavu karibu mwaka mzima. Watu walichota mchanga humo, mbuzi walilala humo, vijana walicheza karata humo. Lakini kila mtu alijua kwamba mvua ikinyesha milimani, korongo huleta maji huku jua linawaka, wala halibishi hodi. Walijua, ndugu zangu. Hakuna aliyekuwa hajui. Hilo ndilo linaloniudhi.

Basi mwalimu akapelekwa semina ya maafa. Wengine wakienda semina hurudi na fulana na mkoba. Huyu alirudi na hofu. Kila akitazama vile vitoto vyake, vingine havijui hata kufunga kamba za viatu, anaona maji. Akafanya jambo rahisi. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Akawaambia watoto wa shule nzima, "Siku rimu ikigongwa mfululizo bila kupumzika, acheni daftari, acheni viatu, acheni hata uji. Shikaneni mikono, pandeni kilimani mpaka kwenye tangi. Msimngoje mtu yeyote." Mara ya kwanza walipanda wakianguka na kuchekana. Baadaye wakapanda vizuri, wakubwa wamewashika wadogo. Mwalimu akaanza kupata usingizi.

Hapo ndipo wazazi walipokuja juu. Mama mmoja alileta sare ya mwanawe imechanwa na miiba, akaitandaza mezani kwa mwalimu.

"Mwalimu, mimi nimeleta mtoto asome. Wewe unamfanya mbuzi?"

"Mama, siku korongo likija, hiyo sare..."

"Likija, likija! Unaliita? Maneno huumba, mwalimu."

Hebu niambieni, hiyo ni akili ya mtu mzima? Sisi hufunga milango jioni. Mbona hatusemi tunamwita mwizi?

Sasa alikuwepo mwenyekiti wa kamati ya shule. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alikuwa mtu wa watu, mwenye maneno ya kutosha, na binti yake alisoma hapo hapo, kiranja, tena msichana wa mbio. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, jambo lako zuri, tusiliue. Tulipambe. Tumwalike mgeni rasmi, wazazi waje, watoto waimbe, halafu wafanye hayo mazoezi watu wote wayaone." Mwalimu akafurahi. Akafikiri, angalau sasa wataelewa.

Wiki ya sherehe ikafika, turubai likafungwa. Wapi? Kiwanjani. Si ndipo penye tambarare? Viti vikapangwa, meza ikawekwa kitambaa. Mwalimu akaja mbio.

"Mwenyekiti, watoto watakimbilia wapi?"

"Hapa mbele ya turubai. Wapange mistari, wasimame wima, wapigiwe makofi."

"Lakini huku ndiko korongoni! Usalama uko kule juu."

"Sasa mwalimu, mgeni rasmi apande kilima na viatu vile? Au akae hapa atazame migongo ya watoto ikiishia vichakani? Ataona nini?"

"Ataona wamepona."

"Ni siku moja tu, mwalimu. Usitutie ugumu."

Alibishana mpaka wenzake wakaanza kumwita mjuaji. Mwisho akanyamaza. Akajiambia, sherehe ikiisha nitawarudisha kilimani. Siku moja tu, kweli, itadhuru nini?

Lakini haikuwa siku moja. Wiki nzima watoto walifundishwa kukimbilia turubai. Aliyekosea mstari alirudishwa darasani aanze upya. Aliyechepuka kuelekea kilimani kwa mazoea alichapwa, maana alikuwa anaharibu. Nasikia mnaguna. Guneni vizuri, bado hatujafika.

Siku yenyewe mgeni rasmi alichelewa, kama kawaida yao, watoto wakaungua jua. Ikaimbwa kwaya, ikasomwa ngonjera ya mafuriko yenye vina vizuri ajabu. Kisha rimu ikagongwa. Wee! Watoto wakatoka madarasani kama siafu, wakashuka kiwanjani, wakapanga mistari, kimya, mikono ubavuni. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wa kwanza kufika alikuwa yule binti wa mwenyekiti. Mgeni rasmi akamwita mbele, akampa mkoba mpya wa shule, na kila mtoto akapata soda. Mwenyekiti alicheza mbele za watu, na umri wake ule.

Baada ya hapo mwalimu alikwenda kwa mkuu wa shule kuomba watoto warudi kufanya mazoezi ya kilimani. Mkuu akamjibu, "Si tumeshafanya? Hata mgeni rasmi kasifia." Akaenda tena, akajibiwa vile vile. Tumeshafanya. Jamani, hilo neno! Nikitaka kujua jambo gani limekufa katika kijiji, natafuta lile ambalo watu wanasema tumeshafanya.

Ikaja asubuhi moja ya jua kali. Mwalimu alikuwa ubaoni, akasikia mawe yanasagana mbali, upande wa juu wa korongo. Akachungulia dirishani. Mbuzi walikuwa wanatoka korongoni mbio bila mchungaji. Hakungoja kuuliza. Alitoka akakamata chuma, akaigonga rimu ile mfululizo, anagonga huku analia.

Na watoto wakatoka. Walitoka vizuri, ndugu zangu! Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyelia, hakuna aliyerudi kuchukua viatu. Walitoka, wakageuka wote kwa pamoja, wakashuka kiwanjani.

Mwalimu akaona wanakoelekea. Alitupa chuma, akakimbia anapiga kelele, "Juu! Pandeni juu!" Nani amsikie? Rimu ilikuwa imeshasema. Aliwawahi wale wadogo pembeni mwa kiwanja, akatanua mikono kuwazuia, na kitoto kimoja kikajipenyeza chini ya mkono wake kinamwambia, "Mwalimu, mstari wetu uko kule!" Akakikamata kwa shati. Walimu wengine walipotambua, wakaanza kuwavuta, kuwabeba, kuwapiga ili wageuke. Wakageuka. Wakapanda kilima wakitazama nyuma, wakidhani wamekosea.

Lakini mwenye mbio alikuwa ameshafika. Binti wa mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale lilipokuwa turubai, wima, mikono ubavuni, peke yake, anangoja wenzake wapange mstari. Maji yakaja na magogo na matope. Yakamzoa miguu, yakambeba mpaka kwenye goli, akaushika mlingoti kwa mikono yote miwili.

Baba yake alisikia rimu akiwa nyumbani, akaja mbio. Alimwona mwanawe. Wanaume wakamfunga kamba kiunoni, akaingia, maji yakamwangusha, akainuka, yakamwangusha, akamfikia. Walipotolewa wote wawili, mwenyekiti alikaa kwenye tope amemshika binti mabegani, anamtikisa. Mnajua hofu ikitoka kwa baba inavyogeuka hasira.

"Wewe mtoto! Maji huyaoni? Kilima hukioni? Umekimbilia huku kufanya nini?"

Yule binti meno yanagongana kwa baridi. Akamtazama baba yake kwa mshangao, maana yeye alitegemea sifa.

"Baba, si nimewahi wa kwanza? Kama siku ile."

Mwenyekiti, mtu wa maneno, akamwachia mabega. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, tope mpaka kiunoni. Kwa muda mrefu alikuwa na maneno aliyomwekea mzee yule, makali. Akavua khanga yake akamfunika mtoto.

Sasa msinitazame mimi. Tutazamane sisi kwa sisi.

Huwa tunasema samaki mkunje angali mbichi. Haya, tulimkunja. Tulimkunja akaelekea korongoni. Halafu tunamuuliza samaki kwa nini amepinda! Kosa la mtoto yule ni lipi? Alitii. Aliyetii kuliko wote ndiye aliyekaribia kufa kuliko wote, na waliompeleka pale ni watu wanaompenda, wakipiga makofi.

Wala mtu asiniletee ile ya ajali haina kinga. Ilikuwa na kinga! Kinga ilikuwa kilimani, miiba na yote, na watoto walikuwa wameshaijua njia. Ni sisi tulioihamisha, tukaiweka mahali ambapo mgeni angekaa vizuri kivulini. Ndivyo tulivyo. Tunaomba kwa sauti nzuri wageni wakiwepo. Tunawafundisha watoto wema wa kuonekana, kisha shida ikifika nyumbani tunashangaa mtoto anakimbilia palipo na makofi badala ya palipo na wokovu.

Mnaona nazungumza habari za kijiji cha mbali? Haya. Ule mtungi wa kuzimia moto pale ukutani, nani aliuning'inizia maua ya plastiki? Ulipoletwa tuliuombea, tukaupiga picha. Nani humu ndani anajua kuutumia? Nyosheni mikono. Nangoja.

Na ule mlango wa nyuma, upande wanakokaa watoto wa shule ya Jumapili. Una kufuli. Ufunguo anao nani? Mzee wa kanisa, ni wewe? Si wewe. Mama mtunza vyombo? Si wewe. Mbona kimya? Watoto wale kila Jumapili wanaketi karibu na mlango, na sisi tunajisifu kwamba tumewajengea mlango.

Basi leo sitoi baraka. Wazee, kautafuteni huo ufunguo, na ukikosekana leteni nyundo. Tutakaa hapa mpaka ufunguke. Kisha watoto watatoka kwanza, kwa kupitia pale, wakubwa wamewashika wadogo, tuone kama wanajua njia. Na wakishatoka, nawasihi sana, asipige mtu makofi.