Mfalme Aliyekuwa Akiibwa

Hapo zamani, na zamani hii ni ya Uskoti, kwenye baridi ya kung'oa meno, palikuwa na mfalme aitwaye Kolban. Umri wake miaka minane. Taji lilimshuka mpaka puani; akitaka kuwaona raia zake huliinua kama mtu anayefunua sufuria.

Desturi ya nchi ile: anayemlaza mfalme nyumbani kwake ndiye anayetawala kwa niaba yake. Basi, wenzao huibiwa kuku, wao wakawa wanaibiana mfalme.

Kwanza alikuwa kwa Bwana Morgund, mzee mwenye ndevu za beberu. Morgund, kwa hofu ya wezi, akamfungia mnarani bila moto. Kolban akakohoa, akakohoa, mpaka yaya wake, Bethok, akaona mtoto anamponyoka. Yaya akaiba ufunguo, akamfungulia hasimu wa Morgund, Bwana Gilkrist, mnene, mcheshi, mroho wa madaraka kuliko wa nyama, na nyama aliipenda.

Gilkrist akamvika mtoto manyoya, akamnywesha supu ya moto, akampakia farasi. Kikohozi kikatulia. Mara Morgund huyo nyuma yao, mbio. Gilkrist, asikubali kunyang'anywa, akamwingiza farasi katika mto uliofurika. Farasi akatoka, mfalme hakutoka. Nani akajitosa? Morgund, asiyejua kuogelea hata kwenye beseni! Akamkamata mtoto ukosi, maji yakawatupa wote wawili ukingoni.

Wazee wa nchi wakachoka. Wakamkalisha Kolban juu ya jiwe la kifalme, amtaje mlezi mmoja kati ya Morgund, Gilkrist na yaya Bethok. Tamko la jiweni halirudi nyuma, na wawili watakaoachwa watahama nchi, wasimwone tena.

"Mwanangu," akasema Morgund, "bila mimi ungekuwa chakula cha samaki."

Gilkrist akacheka, akakumbusha kwamba mnarani mtoto alikuwa ameganda kama mafuta ya nazi. "Mimi nilikutoa ukiwa hai, Mtukufu."

"Ukamtia mtoni."

"Wewe ulimtia kaburini, ulisahau udongo tu."

Ikawa zamu ya Bethok. Wazee wakamsema: amemsaliti bwana wake, na bila ufunguo ule kusingekuwa na mto. Akakubali yote. Kisha akamwambia Kolban, "Mimi sina ngome, baba. Ukinitaja, watakuiba kesho. Lakini siku ile ya mnarani, kesho hukuwa nayo."

Kolban akawatazama mmoja mmoja. Kisha akafumbua kinywa.

Nanyi mnaocheka, hebu likalieni nyinyi jiwe hilo: je, nani alistahili kubaki na mtoto?